Taarab ya Unguja: Muziki Uliojengwa kwa Mchango

Ndugu zetu wa nyumbani na mlio mbali, kabla hamjafika kwenye hesabu za mwaka na orodha ya miradi, tunawaomba mkae nasi kidogo katika historia ya kwetu. Mwaka huu tumechagua taarab. Tumeichagua kwa kuwa ndiyo inayotukutanisha kila penye harusi yetu, iwe Mjini, Dar es Salaam, Maskati au London, na pia kwa kuwa ndiyo inayotugombanisha. Hapakosi mtu wa kusema kwamba taarab ni ya Waarabu, sisi tuliazima tu. Hapakosi mwengine wa kumjibu kwamba taarab ni ngoma ya Kiafrika iliyovishwa kanzu. Ubishi huu una umri mrefu, na mara nyingi ndani yake hamna muziki bali mna siasa.

Sisi tunaona liko swali jengine lenye faida zaidi. Badala ya kuuliza taarab ilitoka wapi, tuulize ni nani aliyeigharimia, nani aliyeitunza, na kwa fedha ya nani. Tukiifuata njia hiyo tutaona kwamba muziki huu umejengwa kama ilivyojengwa mingi katika misikiti, visima na skuli zetu: watu wa kawaida kukaa pamoja na kutoa walichonacho.

Kabla ya udi

Kisiwa hakikuwa kimya kabla taarab haijaja. Unguja ilikuwa na unyago, kunguwiya, lelemama na ngoma nyingine za shamba na za mjini; Pemba ilikuwa na msewe na kibati. Palikuwa na maulidi na dhikri zenye mahadhi yake. Palikuwa na mashairi, yenye vina na mizani, yaliyokuwa yakiimbwa tangu hapo, kwani mshairi wa Kiswahili wa zamani hakutunga kwa ajili ya kusomwa kimya. Na jahazi za msimu wa kaskazi zilileta gambusi kutoka Yemen, chombo kidogo cha nyuzi ambacho mabaharia walikipiga wakisubiri upepo ugeuke kuwa kusi.

Kwa hiyo udi na kanuni vilipofika, masikio ya watu yalikuwa tayari. Vyombo vilikuwa vigeni, lakini mapigo na maneno vilikuwapo.

Ikulu

Simulizi inayojulikana zaidi inamtaja Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Huyu ndiye aliyeijenga Beit el-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini. Alipenda fahari. Inasimuliwa kwamba aliupenda muziki wa Misri, akamtuma kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, aende Cairo kujifunza kupiga kanuni, na aliporudi kikaundwa kikundi cha kuwaburudisha wakubwa katika kasri.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na lina maana ya kuguswa moyo hadi mtu akatikisika kwa furaha au kwa huzuni. Lakini taarab ile ya kasri ilikuwa ni ya watu wachache. Iliimbwa kwa Kiarabu, ikasikilizwa na waalikwa, na mtu wa Ng'ambo au wa shamba aliisikia kwa mbali tu, kama aliisikia. Kisiwa kizima wakati huo kilikuwa bado kimo ndani ya utumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Anayeisifu taarab ya Barghash asilisahau hilo.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Lau muziki ule ungebaki kuwa wa kasri peke yake, ungekwisha pamoja na kasri. Kilichouokoa ni kutoka nje na kuingia mikononi mwa watu.

Vijana wa mwaka 1905

Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama walichokiita Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye nyoyo safi. Chama hicho kipo mpaka leo, na hakuna chama cha taarab kilichopo kinachokizidi umri. Vyombo waliagizia Misri. Walikutana jioni baada ya kazi, wakajifunza, wakapiga katika harusi na sikukuu. Hawakuwa wapigaji wa kulipwa mshahara na Sultani. Walikuwa wanachama.

Neno hilo, mwanachama, ndilo tunalotaka msomaji alishike. Mwanachama anatoa ada. Anahudhuria. Akiumwa hukaguliwa, akifiwa hufarijiwa, akioa wenzake humpigia. Chama kinaponunua fidla, fidla hiyo si ya mtu mmoja, na mpigaji akifa chombo kinabaki kwa anayefuata. Ndiyo maana Ikhwani Safaa imezipita tawala kadhaa ikiwa hai. Imewaona masultani, imeuona utawala wa Kiingereza, imeyaona Mapinduzi, na bado inapiga.

Hata hivyo, kwa miaka mingi walikuwa wakiimba kwa Kiarabu. Kwa taarab kuwa sauti ya Kisiwa palihitajika mtu wa kuitia Kiswahili kinywani, na mtu huyo hakutoka katika nyumba za wakubwa.

Siti

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini magharibi ya Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na utotoni alikuwa akiitwa Mtumwa, jina lililoeleza hali ya wazee wake. Hakusoma skuli. Alikuwa muuza vyungu, akitembeza bidhaa yake na kuinadi kwa sauti, na wenye kumjua walisema sauti hiyo ilitangulia kufika kabla ya mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini.

Mjini alipata walimu na wenzake: wapigaji kama Subeti bin Ambar, Mbaruk Talsam na Buda bin Swedi, pamoja na mwimbaji Maalim Shaaban. Wakawa kundi. Waliimba katika kumbi za wenye nacho, na waliimba pia nyumbani kwa Siti, ambako majirani wa Ng'ambo walijaa barazani. Na waliimba kwa Kiswahili. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu na kwa Kihindi pia, lakini Kiswahili ndicho kilichomtukuza.

Mwaka 1928 kundi hilo lilivuka bahari mpaka Bombay, likarikodi santuri kwa kampuni ya Gramophone chini ya nembo ya His Master's Voice. Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurikodiwa. Santuri zile zilisafiri kuliko yeye mwenyewe. Zilisikika Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na bara, penye gramafoni na watu wa kuizunguka.

Aliimba nini? Mapenzi, ndiyo, na sifa za wenyeji wake. Lakini aliimba pia habari za mtaa. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam, muuaji akatoroka Kisiwani huku adhabu ikiwaangukia wengine. Watu wa Ng'ambo waliijua kesi hiyo, na katika wimbo waliipata hukumu waliyoikosa mahkamani. Mwanamke aliyezaliwa katika utumwa alisimama mbele ya wakubwa na kuwaambia kwa lugha ya watumwa na waungwana pamoja kwamba dhulma imefanyika. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kimesomeshwa katika skuli nyingi.

Kwa hiyo anayesema taarab yetu ni ya kuazima na amsikilize Siti. Udi ulikuja kwa jahazi, ni kweli. Alichokisema juu ya udi huo kilitoka Fumba na Ng'ambo.

Kidumbak, ndugu aliyedharauliwa

Pana ndugu wa taarab ambaye hatajwi sana katika vitabu, ingawa kila aliyekulia Unguja amemcheza. Huyo ni kidumbak, ambaye wazee walimwita pia kitaarab, kama mtu anavyosema kijumba au kitoto.

Harusi ya kawaida haikuweza kuita kundi zima la udi, kanuni na fidla. Basi watu walijitengenezea. Walichukua vidumbak viwili, ngoma ndogo za udongo, moja ya sauti ya juu na moja ya chini. Walichukua sanduku la chai, wakalitoboa, wakalitia mti na uzi, likawa besi. Walijaza mbegu katika vifuu vya nazi, zikawa cherewa. Waligonganisha vijiti vifupi, vikawa mkwasa. Kilichonunuliwa ni fidla peke yake. Wimbo uliosikika kwa utulivu katika taarab uliharakishwa, ukaunganishwa na mwengine na mwengine, na wanawake wakaingia uwanjani kucheza kwa mapigo ya unyago na kunguwiya.

Waliojiona wastaarabu walikidharau kidumbak kwa sababu ya viuno na jasho. Lakini wapigaji hodari wa taarab walipita huko. Makame Faki, ambaye wengi wenu mmemsikia, alikuwa bwana wa kidumbak na pia mwimbaji wa taarab kubwa. Mlango kati ya pande mbili haukufungwa kamwe. Nyimbo zilitoka ukumbini zikaingia uani, na mapigo yakatoka uani yakapanda ukumbini. Na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alizijua nyimbo za Siti na pia alikuwa somo wa unyago mwenye msondo wake, mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, heshima ya kimataifa ya muziki, na heshima hiyo alipewa mwanamke aliyebeba vyote viwili, udi na ngoma.

Vyama vya wanawake

Katika miaka ya 1940 na 1950 wanawake nao walikuwa na vyama vyao. Majina yake yanachekesha na kufundisha: Nuru l-Uyun, Sahib el-Ari, Royal Air Force, Royal Navy. Vita vya dunia vilikuwa vimeleta habari za ndege na manowari, na mabibi zetu hawakuona sababu ya kuwaachia wanaume majina makubwa. Vyama vilishindana kwa sare za khanga, kwa vyakula, na zaidi kwa nyimbo. Hapo ndipo mipasho ilipopata makali. Hasimu hutajwi jina, lakini ukumbi mzima unajua.

Tusidanganyike na vijembe tukadhani kazi ya vyama hivi ilikuwa kusutana tu. Hivi vilikuwa vyama vya kufaana. Mwanachama akioza, wenzake humwagika kwake. Akifiwa, hukaa naye matangani. Muziki ulikuwa ni sehemu ya maisha hayo, si kitu kilichowekwa kando.

Na humo ndimo desturi ya kutunza ilipokolea. Mgeni akisikia kipande kinachotarua moyo wake, au kinachomfaa adui yake, husimama, akaenda kwa mwendo wa madaha mpaka mbele, akampa mwimbaji fedha. Asiyejua hudhani ni fahari tu. Kwa kweli kutunza ni kusema. Mstari aliouchagua mtoaji unakuwa wake, na ukumbi mzima unamsoma. Fedha ile ile nayo hulipa nyuzi, gari na chai ya wapigaji. Yaani msikilizaji wa taarab hakuwa mtazamaji. Alikuwa mshiriki, na mchango wake ulionekana na wote.

Vilivyotoka nje na tulivyovigeuza

Kisiwa cha biashara hakijifungii. Katika sinema za Majestic, Empire na Sultana watu walitazama filamu za Misri na za Kihindi, wakatoka wakiimba. Sauti za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab zilisikika katika redio za barazani, na watunzi wetu walijifunza kwao jinsi ya kupanga fidla nyingi pamoja. Santuri za Cuba zilifika, na mapigo ya rumba na bolero yakaingia katika taarab bila kubisha hodi. Kutoka Ulaya zilikuja akodiani, chelo na besi kubwa. Ilipoanza Sauti ya Unguja katika miaka ya 1950, nyimbo za mjini ziliingia kila nyumba yenye redio.

Lakini tazameni vilivyofanywa vitu hivyo. Wimbo wa taarab ya asili, hata ukianza na bashraf ya vyombo vitupu kama Cairo, ukifika kwenye maneno unasimama juu ya ushairi wa Kiswahili: beti zenye mistari mitatu, mara nyingi mizani kumi na sita kila mstari, kina cha kati na kina cha mwisho, kisha kipokeo. Maneno yanasema jambo moja na kukusudia jengine. Ua, njiwa, chombo, bahari: kila kimoja kina mtu nyuma yake. Ukiuondoa ushairi huo, utabaki na muziki mzuri usio wa popote.

Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliibadilisha nchi, na taarab haikubaki nje. Chama kilichoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, kilichokuwa karibu na vijana wa Afro-Shirazi, kiliwekwa chini ya mambo ya utamaduni ya Serikali na kikajulikana kwa jina la Culture Musical Club, wenye makao yao Vuga. Ikhwani Safaa nayo kwa muda mrefu ilijulikana kwa jina la Malindi. Watu wa Mjini walikuwa wa Malindi au wa Culture kama wengine wanavyokuwa wa timu za mpira.

Siasa ilizitumia nyimbo, na nyimbo nazo ziliitumia siasa kupata vyombo na kumbi. Watu wengi waliondoka nchini miaka ile, na walipoondoka walichukua kanda na santuri zao. Baadhi yenu mnaosoma maneno haya ni watoto na wajukuu wao. Mnajua wenyewe kwamba katika sebule za ughaibuni wimbo mmoja wa zamani unaweza kuwakalisha pamoja watu ambao wakizungumza siasa hawakai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja wimbi la kinanda. East African Melody na wenzao walileta taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, yenye kinanda na gitaa, ya watu kucheza na si kukaa. Khadija Kopa, aliyeanzia Culture, alikuwa nyota wa TOT Dar es Salaam. Wazee walinung'unika, lakini kwa tuliyoyaona hapo juu, hili halikuwa jipya: ni uani kupanda ukumbini tena. Lililokuwa jipya ni jengine. Kinanda kimoja kiliweza kufanya kazi ya watu ishirini. Harusi ikapata muziki kwa bei nafuu, na mpigaji wa kanuni akakosa pa kumwachia mwanawe kazi.

Kilichopo hatarini

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Kuitengeneza sauti peke yake ni elimu, na kuijua hasa ni kazi ya miaka mingi mbele ya mwalimu. Elimu hii haimo vitabuni. Imo mikononi mwa watu, na watu hao wanazeeka. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa mjini, na vijana wengi, wasichana kwa wavulana, wamejifunza humo udi, kanuni, fidla na hata kidumbak. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kazi kama hiyo ikitegemea wafadhili wa nje peke yao, siku mfadhili akigeuka darasa linafungwa. Taarab ya Barghash ilimtegemea mtu mmoja. Ya Ikhwani iliwategemea wanachama. Tumeona ipi iliyodumu.

Basi ndugu zetu, kutokana na historia hii tunawaomba mambo matatu mepesi.

La kwanza, msitupe. Santuri, kanda, picha za vyama, na hasa yale madaftari ya nyimbo yaliyoandikwa kwa mkono, ni nyaraka za Kisiwa. Yatoleeni nakala, na andikeni nyuma ya picha majina ya waliomo maadamu yupo anayewakumbuka.

La pili, warikodini wazee. Simu iliyomo mfukoni mwako inatosha. Muulize bibi alikuwa chama gani, sare yao ilikuwa rangi gani, na wimbo gani uliimbwa siku aliyoolewa. Usingoje hitma yake ndipo uulize.

La tatu, mkija likizo na harusi ikawa yenu, iteni kundi la vyombo au kidumbak, hata kwa saa mbili kabla ya kinanda. Seti ya nyuzi za udi huenea katika mkoba wa mkononi. Ukiwa na nafasi, mletee mpigaji mmoja. Na ukisimama kutunza, tunza kwa kusikiliza, ujue ni mstari gani unaoununua.

Mabibi zetu wa Royal Air Force hawakuwa matajiri. Waliuza maandazi, walishona kofia, walipika kwa watu, na katika hicho walichopata walitoa cha chama. Kwa fedha hiyo ya jasho ndiyo tukarithi muziki ambao dunia nzima inaujua kwa jina la kwetu. Nasi sasa tumefika kwenye zamu yetu ya kutoa.